Sarafu Zenye Tundu

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kikao kirefu ambacho mjumbe nilikuwa mimi peke yangu, ninakutangazia rasmi kwamba mdogo wako amekuwa mtafutaji wa hazina. Tafadhali uisome sentensi hiyo ukiwa umesimama.

Nimetanguliza tangazo kabla ya salamu, unisamehe. Hujambo? Magoti yanasemaje? Na yale masufuria yenu ya bwenini, bado mnayanyanyua wawili wawili au wamewapatia watu wenye migongo mipya? Mimi sijambo. Bado nazunguka kusoma mita za maji, bado mbwa wa mtaa wa juu ananichukia mimi binafsi, si idara nzima. Binti yetu alijifungua salama mwezi wa kumi na moja, mtoto wa kike, nimechelewa kukuambia, kwa hiyo hongera, umekuwa bibi na huna pa kukatia rufaa. Wifi yako alikwenda kumsaidia. Anakusalimu.

Sasa hazina. Unamkumbuka Mzee Koleo, yule fundi mabomba niliyefanya naye kazi idarani, aliyekuwa akichomeka koleo mfukoni hata akienda msibani? Amestaafu, na mgongo umemkatalia kuinama. Alikuwa na mashine yake ya kutambua chuma ardhini, aliyoinunua kwa ajili ya kujifurahisha. Akanipa. Ni fimbo ndefu, chini ina sahani, juu ina kishikio na waya wa hedifoni. Unapitisha sahani juu ya ardhi, kulia na kushoto, kama mtu anayefagia hewa. Chini kukiwa na chuma au shaba, inakuambia masikioni. Kazi yako ni kuelewa inasema nini.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa soko la zamani, nyuma ya ofisi yetu. Soko lilihamishwa miaka mingi iliyopita, sasa ni nyasi tupu, na wenyewe wameniruhusu mradi nifukie mashimo yangu. Nikavaa hedifoni, nikapitisha sahani mara moja tu, ikalia. Nikachimba. Hakuna kitu. Nikasogea hatua moja, ikalia tena! Nikachimba. Nikasogea, ikalia. Dada, nilijiona nimesimama juu ya benki. Nimeshachimba mstari mzima wa mashimo ndipo nikageuka nikamwona Mzee Koleo amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anajifuta machozi.

"Inua mguu," akasema.

Nikainua. Mashine ikanyamaza.

Nilikuwa nimevaa viatu vya kazini, vile vyenye chuma mbele ya vidole. Asubuhi nzima nilikuwa najitafuta mwenyewe.

Sasa nakwenda na raba.

Mdogo wako,
Chiriku


1 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako niliisoma nimesimama kama ulivyoagiza, ndiyo maana viazi vya wanafunzi mia na ushee viliungua. Nimewaambia lawama zije kwako.

Sijambo. Magoti yananiambia mvua kabla ya redio. Nakupongeza kwa mjukuu, na wewe usijifanye unanipongeza mimi kana kwamba wewe hukuzeeka siku hiyohiyo. Kuhusu viatu, sikushangaa. Wewe ndiye uliyewahi kutafuta kofia nyumba nzima huku umeivaa, ukatuamsha hadi wageni.

Nina habari. Mwezi wa saba shule zikifungwa, nastaafu. Wataniaga. Kutakuwa na keki, hotuba, na mkuu wa shule atalitamka jina langu vibaya kwa mara ya mwisho. Nataka siku hiyo niwe na gauni alilolishona wifi, si la dukani. Nimeshapata kitambaa, cha bluu iliyokolea. Mwambie asisahau kunifungia zile sarafu zake kwenye upindo, zile za zamani zenye tundu katikati. Tangu anishonee lile la kijivu, upepo wa huku haujawahi kuniaibisha, gauni linakaa chini kwa adabu. Aliniambia sarafu hizo zimeadimika na kopo lake linakaribia kuwa tupu. Basi wewe mtafuta hazina, badala ya kujichimba vidole, mtafutie mkeo sarafu.

Amesharudi kutoka kwa binti? Umeandika "alikwenda". Hukuandika "alirudi".

Dada yako


22 Machi

Dada yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila bega la kulia limegoma kwa sababu ya kufagia hewa. Mbwa wa mtaa wa juu amenipunguzia chuki kidogo, nadhani ananionea huruma. Pongezi kwa kustaafu. Hukusema ukishaagwa utaelekea wapi, na mimi sikuulizi, nakukumbusha tu kwamba hukusema.

Wifi yako alirudi zamani. Hajambo kabisa, anakusalimu. Lete kitambaa.

Hizo sarafu zenye tundu ndizo hasa ninazozitafuta, hukukosea. Lakini ngoja nikueleze shule niliyoingia, maana kwa umri huu sikutegemea kurudi darasa la kwanza.

Mashine ina sauti tatu. Chuma, yaani msumari, kipande cha nondo, bawaba, kinatoa sauti nzito ya kuguna, kama msimamizi wetu ukimwomba ruhusa. Karatasi za kung'aa za sigara na vile vishikio vya kufungulia makopo ya soda vina sauti ya kati, ya kurukaruka, kama mtu anayetaka kusema jambo akaahirisha. Halafu kuna sauti ya juu, nyembamba, safi, yenye mwanzo na mwisho. Hiyo ni shaba. Ukiisikia, nywele za shingoni zinasimama.

Shida ni kizibo cha soda. Dada, kizibo ni tapeli! Kinakuanzia kwa sauti ya juu, tamu kabisa, unapiga magoti moyo unadunda, unachimba kwa vidole kama unayefukua yai, kumbe ni kizibo kimekukenulia meno yake. Nina mfuko mzima. Msumari nao ukilala vibaya unaweza kupiga mluzi pembeni kama shaba.

Basi jana Mzee Koleo kanishika mkono kabla sijapiga magoti. "Usichimbe bado," akasema. "Zunguka. Simama upande huu, uulize tena." Nikazunguka robo, nikapitisha sahani. Ile sauti tamu ikakatika, ikawa mguno. "Umeona? Kitu cha kweli ukikiuliza kutoka upande wowote kinakujibu vilevile. Huyu ana jibu la upande mmoja tu."

Akanifundisha na jambo jingine. Usikimbie kila penye mguno. Pale palipokuwa na meza za soko kuna misumari mingi, na sarafu zilianguka hapohapo. Inabidi upitishe sahani polepole, kidogo kidogo, usikilize kama chini ya mguno kuna kitu kingine kinachojaribu kusema.

Ukishavaa hedifoni, magari yanazimika, watoto wanazimika, hata mawazo yanapiga foleni. Nimegundua kwamba naweza kuzivaa hata nyumbani, bila mashine.

Mdogo wako,
Chiriku


30 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo, nina haraka, ni wiki ya mitihani na watoto wakiwa na hofu wanakula mara mbili. Kitambaa nimekituma jana kwa kifurushi. Vipimo vyangu wifi anavyo kichwani, aongeze tu kidogo hapa katikati ambapo nimeongeza mimi.

Huyo mjukuu wetu analala usiku? Amefanana na nani? Wifi atakuwa amerudi na hadithi za kunijazia gunia, na mimi sijapata hata moja. Mwambie anichanie karatasi aniandikie japo mstari mmoja kwa mkono wake, uutie humo kwenye gauni.

Na unaposema unavaa hedifoni nyumbani bila mashine, unasikiliza nini?

Dada yako


16 Juni

Dada yangu mpendwa,

Najua nimechelewa. Hujambo lakini? Huku mzima, mita zinazunguka, watu wananilaumu mimi kwa maji waliyooga wao. Bomba la uani kwangu linavuja chini kwa chini na sijui valvu yake ya kufungia maji ilifukiwa wapi. Jirani ananicheka: mtu wa idara ya maji, uani kwake kuna dimbwi.

Gauni limo kwenye kifurushi hiki. Likikubana, ni kitambaa kimesinyaa njiani. Likikupwaya, ni wewe umekonda kwa kazi. Wifi yako anakusalimu. Alitaka kukuandikia ule mstari, ila miwani yake imevunjika.

Upindo una sarafu, tena nilizozichimba mimi! Acha nikuambie ya kwanza. Ilikuwa mahali pa misumari mitupu, mguno juu ya mguno, nikataka kuondoka. Nikakumbuka, nikapunguza mwendo. Kulia, mguno. Kushoto, mguno, na ndani yake kitu chembamba, kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu. Nikazunguka. Kikaita tena. Nikazunguka tena. Kikaita vilevile, hakikubadilisha neno. Nikachimba kwa vidole, nikatoa kitu cha kijani, duara, kimeziba udongo. Nikakitemea mate, nikasugua kwa shati. Tundu likafunguka katikati. Nikalala chali pale kwenye nyasi nikatazama mbingu kupitia lile tundu, mtu mzima na nywele zangu nyeupe. Nikageuka kumwambia mtu. Mzee Koleo siku hiyo hakuwepo.

Sasa zinajaza kiganja.

Mdogo wako,
Chiriku


8 Agosti

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu kwanza. Mimi sijambo, nimeshaagwa. Shule imefungwa, bweni tupu, nikikohoa jikoni mtu ananijibu kutoka bwaloni, kumbe ni mimi.

Nikueleze sherehe ilivyokwenda. Watu wamejaa ukumbini, wanafunzi, walimu, wazazi, kimya kama mtihani. Mkuu wa shule akalitamka jina langu vibaya. Nikasimama nikaanza kwenda mbele kupokea zawadi. Hatua ya kwanza: chwa. Nikafikiri ni funguo za mtu. Hatua ya pili: chwa chwa. Ukumbi mzima unanitazama miguuni. Nilitembea kutoka nyuma mpaka jukwaani nalia kama kondakta mwenye chenji. Mtoto mmoja wa kike akasema kwa sauti, "Mpishi ana kengele!" Ukumbi ukapasuka. Na mimi nilicheka, ndugu yangu, nilicheka mpaka nikashindwa kutoa hotuba, ambayo kwa kweli ilikuwa fupi na ya kusikitisha, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Usiku huo nikafumua upindo. Sarafu zimetumbukizwa tu, mbili mbili, zinagongana. Wifi hupitisha uzi kwenye tundu, uzi mwekundu, anaifunga kila sarafu kwenye kitambaa kwa ndani, na hata ucheze ngoma haisemi neno. Gauni la kijivu nimelivaa miaka yote hiyo wala sijawahi kulisikia.

Basi nikakaa kitandani na barua zako, nikafanya alivyokufundisha Mzee Koleo. Nilikuuliza habari za wifi kutoka upande wa mbele, ukanijibu: "anakusalimu." Nikazunguka, nikakuuliza kupitia mtoto, analala, amefanana na nani. Hukunijibu kabisa. Nikazunguka tena, nikaomba mstari wa mkono wake, ukaniletea miwani iliyovunjika. Wifi na miwani? Wifi ndiye anayetutungia uzi kwenye sindano sisi sote! Chiriku, hiyo "anakusalimu" yako ina upande mmoja tu.

Sikukasirika. Wala sikudai uniambie ni nini kilichotokea, kwa kuwa na mimi nina langu. Uliona sikusema nitaelekea wapi. Sina pa kuelekea. Wamenipa kichumba cha nyuma ya jiko mpaka mwisho wa mwaka, basi. Kile kitambaa nilikichagua huku nikifikiri: nitalivaa gauni siku ya kuagwa, halafu nitapanda basi nalo, nije nyumbani kwenu, nyumba yenye sauti ya cherehani na watu wanaobishana kuhusu chumvi. Nilikuwa nasubiri unialike bila kuniona nikiomba.

Haya, nimeshaomba. Zamu yako.

Dada yako


20 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Kimya chako kimefika salama.

Sikuchimba ili nikuvunje.

Dada


12 Oktoba

Dada yangu,

Salamu kwa utaratibu wake, maana safari hii sina tangazo. Magoti hayajambo? Kile kichumba kina dirisha? Mimi nipo. Mzee Koleo anakusalimu, na huyu anakusalimu kweli, yuko hapa juu ya ndoo yake, ananiambia niandike kwa herufi kubwa unione vizuri.

Gauni alilishona fundi wa kona. Vipimo nilimpa kwa mikono, hivi na hivi, huku nikimtolea mfano wa mke wa jirani aliyekuwa akipita, ambaye sasa hanisalimii. Sarafu nilimpa mkononi nikamwambia azitie kwenye upindo. Akazitia. Sikumwambia habari ya uzi. Nimeishi na wifi yako miaka yote hiyo, sijawahi kumtazama anavyozifunga.

Wifi yako hakurudi. Hatukugombana, usije ukamfikiria vibaya, wala mimi usinifikirie vibaya zaidi ya kawaida. Alikwenda kumsaidia binti, tukasema mtoto akitimiza siku zake atarudi. Zikatimia. Akasema mtoto ana kikohozi. Kikohozi kikapona. Kisha siku moja akaniambia kwenye simu, "Nitumie cherehani." Dada, mtu akiwa anarudi wiki ijayo hakuombi umtumie cherehani. Nikaifunga kwenye blanketi, nikaipakia kwenye basi mimi mwenyewe. Pale ilipokuwa, sakafuni kuna alama za miguu yake, na mimi mpaka leo nazizunguka kama bado ipo. Nilimuuliza mara moja tu, kwa mzaha, huko kuna nini ambacho hapa hakipo. Akasema, "Huku nina mtu wa kunijibu." Mtu mwenyewe alikuwa na miezi michache, hana jino hata moja.

Mzee Koleo alinipa mashine wiki hiyohiyo. Nilipoichukua sikuwa na shida ya hazina. Nilikumbuka kopo lake la sarafu linakwisha, nikajiambia: zikifika kiganja kimoja, nitakuwa na sababu ya kwenda. Sitakuwa mtu aliyekuja kuomba, nitakuwa mtu aliyeleta kitu. Zikafika kiganja, nikasema ngoja ziwe viwili. Ulipoandika barua ya Agosti zilikuwa viganja viwili na nilikuwa naelekea cha tatu.

Barua yako ndiyo iliyonipakia basi. Nilikwenda mwisho wa Septemba, na hivi ndivyo ilivyokuwa, sijapamba.

Njia nzima nilikuwa natunga sentensi moja. Nilifika, nikapokelewa vizuri, chai, karibu Baba, mjukuu akanitazama akalia. Wifi yako alikuwa kwenye cherehani dirishani. Amenawiri. Nikampa kopo la sarafu. Akalifungua, akazimwaga mapajani, akaziokota moja moja akizitazama kwenye mwanga. Nikasubiri.

"Zote hizi umezichimba wewe?"

"Mimi."

"Lo! Maskini," akasema. "Mimi siku hizi natumia washa. Zile pete za chuma za kukazia bomba. Za dukani, nzito, nazo zina tundu."

Washa, dada. Mimi nafanya kazi idara ya maji. Washa zimejaa mpaka kwenye mifuko ya makoti yangu.

Nikacheka, naye akacheka. Ile sentensi yangu ilikuwa imefika mdomoni kabisa. Nikafungua mdomo nikasema, "Bomba la uani linavuja."

"Mtu wa maji mzima, bomba linakushinda?"

"Sijui valvu ilipofukiwa."

Akanitazama, kisha akatazama suruali yangu. Magoti yamechafuka udongo usiotoka, na upindo wa mguu wa kushoto umefumuka, nilikuwa naukanyaga. "Siku hizi umekuwa mtu wa kupiga magoti?" akasema. "Vua hiyo, nikushonee." Nikavua, nikajifunga shuka, nikakaa sebuleni. Mkwe wetu akaingia na bosi wake wa kazini. Nikawakaribisha kwa heshima zote zilizobaki.

Hayo ndiyo yote. Sikumwomba arudi. Naye hakusema atarudi. Alinisindikiza kituoni na mtoto mgongoni, basi likaanza kuondoka ndipo akasema kitu dirishani, nikasikia nusu: nikifika nipige simu, nimpigie yeye, si binti. Sikupiga. Nilifika nyumbani, nikazizunguka zile alama za cherehani, nikalala.

Jumamosi nikatoka na mashine kuitafuta valvu ya uani. Nikavaa hedifoni, nikaanza ukutani. Nilikuwa sijafika hata penye dimbwi, ikalia. Si mguno wa valvu. Ya juu, nyembamba, safi, yenye mwanzo na mwisho. Shaba. Uani kwangu!

Nikazunguka robo, nikauliza tena. Ikajibu vilevile. Nikachimba, hakuna. Nikasogea, ikalia. Nikachimba, hakuna. Nikasogea tena, ikalia, na nikasikia Mzee Koleo akinicheka kichwani kama mwezi wa pili. Nikatazama miguu: raba. Nikazivua hata hivyo, nikasimama pekupeku kwenye tope, nikapitisha sahani. Ikalia. Mguu wa kulia, kimya. Mguu wa kushoto, inalia.

Nikainama nikapapasa upindo wa suruali. Kwa ndani, pembeni, pana kitu kidogo cha duara. Nikaukunja kidogo nikaona uzi mwekundu. Umepita kwenye tundu, umefungwa. Nilikuwa nimetoka na suruali ile kwa binti, nimepanda nayo basi, nimetembea nayo mtaa mzima na mita zangu, na haikuwahi kulia hata mara moja.

Dada, sijui aliiweka kwa nini. Inawezekana ni ili suruali ikae chini kwa adabu, ndiyo kazi yake, anamfanyia kila mteja. Lakini wateja anawawekea washa. Nilisimama pale nikazunguka, nikapitisha sahani kutoka upande wa jiko, upande wa ukuta, upande wa geti, jirani anatazama mtu anavyojipima mguu. Kila upande ilinijibu vilevile.

Wewe njoo. Chumba cha mbele kina kitanda na dirisha, na kuhusu chumvi niko tayari kubishana hata kesho. Valvu sijaipata bado, kwa hiyo njoo na viatu vya mvua. Kona ya cherehani tu usiweke kitu.

Nilipomaliza kujipima nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miguu ina tope, nikapiga simu. Nikampigia yeye. Akapokea. Salamu sikuzikumbuka.

"Mashine imelia," nikasema.

Nikasikia cherehani ikisimama. Nyuma yake mtoto alikuwa anapiga kelele zake.

"Imelia vipi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza, dada. Kuhusu msumari, kuhusu kizibo, kuhusu kuzunguka robo, kuhusu ile ya kwanza niliyoitazamia mbingu. Nilieleza mpaka sikio likapata moto, na hakunikatisha.

Mdogo wako,
Chiriku